Mwadi Aliponiita Msituni

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona aibu kulisema hilo. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa hata zile ngazi za umeme za metro pale Porte de Namur. Wahenga walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilikuwa nimepanga kuzeeka nikicheka. Kwa hiyo mtu asinijie na maswali yake: "Georgina, na miaka hamsini na minne hiyo, ulifuata nini na baiskeli kwenye misitu ya Ufaransa?" Nilimfuata Mwadi. Basi.

Mwadi Ngoy ni mdogo wangu, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Mimi ni wa Muleba, Tanzania. Yeye ni wa Likasi, kule Katanga, Kongo. Tulikutana hapa Brussels miaka kumi na moja iliyopita, kwenye saluni yake mtaa wa Matonge, nilipokwenda kusukwa hata wiki sijamaliza tangu nishuke kwenye ndege. Nilimkuta anagombana na mteja kwa Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe sasa! Nusu Kifaransa, nusu sijui nini, nikashindwa kujizuia nikacheka. Akanigeukia na chanuo mkononi. "Weye Mutanzania, unacheka nini? Kiswahili ni ya baba yako?" Nikamwambia ndiyo, ni ya baba yangu, na amenituma nije nikichukue. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile akawa ananiita Yaya, yaani dada yake mkubwa, na sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina lingine.

Baba yake alikuwa akibeba makala, ndivyo kwao wanavyouita mkaa. Alikuwa anakwenda porini na baiskeli, wao wanaiita kinga, anapakia magunia matatu ya mkaa, anaisukuma kwa miguu siku mbili kufika mjini. Wakati wa kurudi kinga ilikuwa tupu, na Mwadi, akiwa na miaka minane au tisa, alikuwa anakalishwa juu ya chuma cha mbele wanakwenda wote. Alikuwa ananisimulia hayo huku vidole vyake vinakwenda kwenye kichwa changu. Kisha akawa mke wa Constant, wakaja Ulaya, akasuka watu jikoni kwake miaka sita kabla ya kupata saluni. Constant akafariki kwa moyo, siku ya kazi, kazini. Akabaki na binti mmoja, Shekinah, anayesomea ufamasia Liège. Na akabaki na kusimama. Saa tatu asubuhi mpaka saa moja jioni, kila siku, miguu imevimba, televisheni mbili zinapiga kelele, mashine za kukaushia nywele zinavuma, na wanawake saba wanazungumza kwa pamoja hakuna anayesikiliza.

Sukari ilimshika akiwa na arobaini na sita. Si ile ya vidonge, ile ya kujidunga sindano tumboni. Daktari akamwambia afanye mazoezi. Akasema kutembea kunamchosha akili. Ndipo Crispin, Mlubumbashi mmoja anayetengeneza baiskeli nyuma ya nyumba yangu Saint-Josse, akamuuzia baiskeli ya tairi nene, ya kupita kwenye changarawe. Akamwonyesha na njia. Kumbe ukivuka kusini mwa Ubelgiji ukaingia Ufaransa, kuna barabara ndogo za msituni na za mashambani ambazo hazina lami, unaweza kwenda saa tatu hujakutana na gari. Mwadi alikwenda mara moja na kikundi cha Crispin. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, jamani, hata uso ulikuwa umekunjuka.

"Yaya," akaniambia, "kule muntu hakuulize kitu. Hakuna musiki, hakuna téléphone. Unasikia kinga yako tu, na mawe chini. Miye nililia."

"Ulilia kwa sababu gani?"

"Sijue. Kimya ile."

Mimi sasa, kimya ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote. Lakini Shekinah alimwekea mama yake sharti: asiende peke yake, aende na mtu anayeijua sukari. Na anayeijua sukari ni nani? Ni mimi. Nafanya kazi nyumba ya wazee, natoboa vidole vya watu kutwa nzima. Najua sukari ikishuka mtu anatoka jasho la baridi, anatetemeka, maneno yanakuwa mazito mdomoni kama mlevi, na usipompa kitu kitamu mapema anazimika. Haya. Nikanunuliwa baiskeli. Nikafundishwa kubadilisha gia. Mfuko wa vitamu, juisi, biskuti, na asali ya kubinya, ukafungwa kwenye baiskeli yangu, kwa sababu akibeba Mwadi juisi inaishia kwenye treni.

Tulikwenda mara nne, na mara zote nne niliogopa. Naomba niseme ukweli, njia zenyewe ni nzuri. Unashuka treni Couvin, unakanyaga nusu saa, kibao kidogo kinakwambia umeshaingia Ufaransa, na hapo dunia inanyamaza. Vijiji vina mawe ya kijivu, madirisha yamefungwa mbao mchana kweupe, hakuna mtoto, hakuna kuku. Ng'ombe wanakuangalia. Unapita kanisa limefungwa kufuli, unapita kisima, kisha barabara ya changarawe inaingia msituni na inakwenda, inakwenda, miti mirefu ya gome laini pande zote mbili. Mwadi anatangulia anaimba nyimbo za kanisani kwao. Mimi nyuma, rozari mfukoni, nahesabu kona. Nikiona gogo lina umbo la mtu, nasimama. Yeye anacheka. "Yaya, weye unaogopa bule. Mu pori ya Bazungu hamuna nyama ya kuuma muntu!"

Mara ya tano ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Ukungu tangu asubuhi. Nilipomwona Mwadi pale stesheni ya Midi nikamwambia, mdogo wangu, leo tusiende, mifupa yangu inakataa. Akasema mifupa yangu inakataa kila wiki. Alikuwa na vizibao viwili vya rangi ya machungwa, akanivalisha kimoja kama mtoto wa chekechea. "Ni soixante kilomètres tu. Na jioni tunakula bukari kwangu." Kilomita sitini anaziita "tu", na bukari ndiyo ugali wao.

Tulikula mkate wetu saa sita, kwenye benchi la kijiji. Alijidunga sindano yake, akala nusu, akasema ameshiba. Nikamwambia malizia. Akasema, "Bon, nitakula mbele." Na mimi, kwa kuwa baridi ilikuwa imenikaza na nilitaka tumalize safari turudi kwetu, sikumbana. Mimi, muuguzi wa wazee, ambaye mzee akiacha kijiko kimoja cha uji namsimamia!

Tulipoingia msituni tukaona kibao chekundu kimepigiliwa kwenye mti, kwenye njia ya pembeni: uwindaji unaendelea. Nikasimama. Nikasema hapa ndipo mwisho wangu. Mwadi akakiangalia. "Ile ni ya ile njia. Njia yetu haina kibao." Na kweli njia yetu haikuwa na kibao. Kwa mbali, mahali fulani ndani ya ukungu, mbwa walikuwa wanabweka, na shingoni walikuwa wamefungwa kengele, kwa hiyo ulikuwa unasikia vikengele vinakimbia halafu huoni kitu.

Tukafika juu ya mteremko mrefu. Mimi miteremko siiendeshi, naishuka kwa miguu nasukuma baiskeli, hilo Mwadi analijua. Akaniambia, "Natangulia. Nitakungojea chini, ku carrefour," yaani njia panda. Akaachia breki. Nilisikia changarawe inalia chini ya tairi zake, sauti ikapungua, ikaisha. Ukungu ukafunga nyuma yake.

Sijapiga hata hatua kumi, bunduki ikalia. Si mbali. Jamani, si mbali hata kidogo! Ikalia tena mara mbili. Nilichuchumaa nyuma ya baiskeli, nikaziba masikio kwa viganja, nikafumba macho, nikasali Salamu Maria kumi kwa mkupuo. Sijui nilikaa pale muda gani. Ukiwa umeziba masikio na unasali kwa sauti husikii mtu akianguka. Hilo nimeshajiambia mara nyingi sana.

Nilipofumbua macho kulikuwa kimya. Nikasimama, nikaanza kushuka polepole. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Hapo kwenye kona ya pili njia ina korongo mkono wa kushoto, majani marefu yaliyokauka, na chini kabisa maji yanapita. Ndipo nikasikia.

"Georginaaa."

Kutoka kushoto, chini. Sauti nzito, ya kuburuta, wala hujui kama ni ya mwanamke au ya mwanamume.

Sasa msikilize, msinicheke. Bibi yangu aliyenilea kule Muleba alikuwa na sheria moja ya kwenda kuni. Ukisikia jina lako linaitwa msituni, usiitike. Simama, nyamaza, ungoje umwone anayeita kwa macho yako. Ukiitika kabla hujamwona, umeshajikabidhi, na hujui umejikabidhi kwa nani. Tulikuwa tunaitana kwa kupiga makofi tukiwa porini, sisi watoto wa pale. Sheria hiyo sikuwahi kuifikiria wala kuipinga. Niliishi nayo, kama unavyojua kutokanyaga moto.

"Georginaaa."

Nilisimama. Nikatazama chini kwenye korongo, nikaona ukungu na majani. Mwili wote ulinisisimka mpaka kichwani ndani ya ile kofia ngumu. Akili yangu ilikuwa inafanya hesabu zake haraka haraka: Mwadi yuko mbele, ananingoja njia panda. Mwadi haniiti Georgina, ananiita Yaya. Sauti hii si ya Mwadi. Huku Ufaransa, katikati ya msitu, ni nani mwingine anayelijua jina langu?

Iliita mara ya tatu, na safari hii mwishoni kukawa na kitu kama kicheko.

Nilifanya ishara ya msalaba. Nikapanda baiskeli, mimi nisiyeshuka mteremko hata wa daraja, nikaachia breki zote mbili. Nilishuka nikipiga kelele bila sauti. Changarawe ilinirukia usoni. Nilipofika chini, njia panda, nilikuwa nimejikojolea kidogo, nasema wazi, mwenye kucheka acheke.

Mwadi hakuwepo.

Nikasema atakuwa amesogea mbele kujisitiri. Nikangoja. Nikatoa simu, haina mtandao hata kijiti kimoja. Nikangoja tena. Saa nane na dakika arobaini. Sikutaka kuita. Mnaelewa? Sikutaka kufungua mdomo wangu mle msituni, nisije nikaitikiwa. Nikaanza kumkasirikia Mwadi, nikapanga maneno nitakayomwambia: wewe ndiye unayeniacha peke yangu kwenye risasi, wewe ndiye mwenye kichwa kigumu, sukari hiyo itakuua siku moja.

Nilipolifikia neno sukari nikatazama chini.

Malori ya magogo yalikuwa yamepita pale njia panda siku hizo, yakaacha tope laini toka upande huu hadi upande ule. Hakuna baiskeli ingeweza kuvuka bila kuacha alama. Kulikuwa na alama moja ya tairi. Nikaifuata kwa macho, ikaja kuishia kwenye baiskeli yangu mwenyewe.

Ee Mungu wangu.

Maneno mazito mdomoni, kama mlevi. Mimi ninayewajua wagonjwa wa sukari! Mimi ninayelipwa mshahara kuitika kengele za wazee, kengele ikilia nakimbia kwenye korido, sijawahi kumwacha mzee hata mmoja anaita. Na mfuko wa asali ulikuwa umefungwa pale pale, chini ya kiti changu. Nilitapika kando ya njia.

Nilianza kupanda mteremko mbio. Kwenye njia ya kulia nikaona rangi ya machungwa ndani ya ukungu. Mzee wa Kifaransa, amekaa kwenye kigoda, bunduki magotini. Akanyanyua mkono kunizuia, akasema kwa Kifaransa haipitiki, mama, watu wanapiga risasi. Nilimwambia rafiki yangu ameanguka, ana sukari, yuko kwenye korongo. Kifaransa changu cha kazini kilinitoka chote kwa mara moja. Yule mzee hakuuliza mara mbili. Alifungua bunduki akatoa risasi, akashika pembe ya shaba iliyokuwa inaning'inia kifuani, akaipiga ndefu, mara tatu. Msituni kukajibiwa na pembe nyingine, na nyingine mbali zaidi, kisha wakanyamaza wote. Akaniuliza, "Umemsikia akiita?"

Nikasema hapana.

Ndivyo nilivyosema. Hapana, mzee, sikusikia kitu. Halafu nikampeleka moja kwa moja mpaka kona ya pili, nikamwonyesha mahali penyewe kwa kidole. Alinitazama. Akaanza kushuka korongoni kwa makalio.

"Mwadi!" nikaita. "Mwadi!"

Kimya. Ile kimya aliyoipenda. Maji yanapita chini, basi.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilisimama ukingoni, nikajaza kifua, nikaitika. "Abee! Abee, Mwadi! Abee mdogo wangu, nimesikia!" Niliitika kwa sauti yangu yote, na hakuna aliyekuwa ananiita tena. Yule mzee alinyanyua kichwa, akafikiri nimepata wazimu. Kisha akapaza sauti kutoka chini kwamba amemwona.

Baiskeli ilikuwa juu yake. Mguu wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeuki. Macho nusu wazi, jasho limemlowesha ingawa baridi ilikuwa inakata, midomo haina rangi. Nilipomgusa hakunijua. Nilibinya asali kidoleni nikampaka kwenye fizi, kidogo, nikapaka tena, kidogo, namwita, nampiga mashavu, namtukana, namwombea. Mzee alivua koti lake akamfunika, akapanda juu kwenda kutafuta mtandao wa simu. Nilibaki naye peke yangu. Kama ni hofu, hiyo ndiyo hofu; zile nyingine zote nilizokuwa najisifia zilikuwa mchezo. Nilikuwa naangalia kifua chake, kikipanda nasema asante, kikishuka nasubiri.

Baada ya dakika sijui ngapi alimeza. Akameza tena. Zimamoto walipofika na machela yao alikuwa ameshafumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa tusi la Kilingala kwa kijana aliyemshika mguu. Nililia kwa furaha. Alinigeuzia macho mimi, akayaondoa.

Walimpasua nyonga huko huko Ufaransa, na siku ya nne wakamleta Brussels. Chumba kilijaa watu. Shekinah alikuja kutoka Liège na begi lake, akanikumbatia mlangoni. "Maman Georgina, bila weye miye ningekuwa yatima." Akamwambia muuguzi, akamwambia Crispin, akawaambia akina mama wote wa kanisa lao: huyu ndiye aliyemwokoa mama, huyu ndiye aliyejua afanye nini. Mama mmoja anaitwa Antoinette akanishika kichwa akaniombea kwa lugha. Wakaimba wimbo wa shukrani, wakapiga makofi kwa ajili yangu. Mimi nimesimama katikati kama mwizi kwenye karamu.

Na Mwadi amelala, anaangalia dari. Hakuimba, wala hakukanusha. Mtu akimuuliza ilikuwaje, anasema nguruwe mwitu alikatiza njia, naye akapiga breki, akaanguka. Basi, anaishia hapo.

Siku ya sita nilimkuta peke yake. Nilikuwa sijalala usiku wowote. Nilisema moyoni, leo sisemi, nitasema kesho. Kisha nikamwona anajaribu kufikia kikombe cha maji na hakukifikia, na hakuniomba. Alirudisha mkono wake akautuliza juu ya shuka. Hilo likanivunja.

"Mwadi," nikasema, "kuna jambo. Pale msituni, nilikusikia."

Aliendelea kuangalia dari.

"Niliposhuka, uliita. Nilikusikia mara tatu. Sikuitika. Niliogopa, mdogo wangu. Kwetu msituni mtu haitiki jina kama hamwoni anayeita. Na wewe huniiti Georgina. Nikafikiri ni kitu kibaya."

"Nilikuita Yaya," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mara mingi. Hukusikia, bunduki ilikuwa inalia. Njo nikaita jina. Nilifikiri jina itafika mbali."

"Nisamehe."

"Nilikuona."

Sikuelewa. Akageuza kichwa, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Donc, chini kule ukungu ilikuwa kidogo. Niliangalia juu, nikaona kizibao yako. Nikasema, Yaya amefika, asante Yezu. Nikacheka. Nikakuona unasimama. Ukaniangalia. Miye nilifikiri unaniangalia, macho yako ilikuwa huku. Ukafanya alama ya musalaba, kama kwa muntu mwenye kufa. Kisha ukapanda kinga ukakimbia."

Mashine ya jirani yake ilikuwa inapiga kelele zake ndogo nyuma ya pazia.

"Siku sita," Mwadi akasema, "niko najiuliza: nilimufanya nini ule mwanamuke? Nani alimwambia nini juu yangu? Niliwaza mambo ya miaka onze yote, tangu tulijuana. Kumbe ni ya bibi yako."

"Ni ya bibi yangu."

"Basi ni woga tu."

"Ni woga tu, Mwadi. Haki ya Mungu."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, nikataka kumfuta, akazuia mkono wangu. "Enda nyumbani, Georgina," akasema. Nikaenda. Nilitembea kwa miguu mpaka Saint-Josse, metro ikinipita chini.

Sasa imepita miezi mitatu. Saluni inaendeshwa na mpwa wake. Baiskeli yake iko kwa Crispin, uma wa mbele umepinda, hakuna aliyeuliza kama itatengenezwa. Nilifikiri sitaitwa tena nyumbani kwake, lakini Shekinah alirudi masomoni na mama hawezi kusimama jikoni, kwa hiyo nikaitwa, na ninakwenda Jumanne na Ijumaa nikitoka kazini. Nasonga bukari, nampima sukari, namwosha mgongo. Tunazungumza vizuri. Tunacheka, hata. Siku nyingine ananitania kuhusu kile nilichomwambia cha kujikojolea, anasema ni hicho tu kilichomfanya aniamini.

Ila sasa ananiita Georgina. Nikiwa jikoni, yeye kwenye kiti chake sebuleni, anaita: "Georgina!" Naitika, "Abee!" Naweka mwiko chini, nakwenda, namkuta ametulia, hataki maji, hataki dawa. "Hakuna kitu," anasema. Narudi jikoni. Kabla sijashika mwiko: "Georgina!" "Abee!" Sijawahi kumwuliza kwa nini.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nakaanga samaki. Mafuta yanalia, feni ya jikoni inavuma, na nilikuwa nimefunga mlango moshi usiende kwake. Nilipozima feni ndipo nikasikia kimya kisichokuwa kizuri. Nilitoka mbio nikiwa na mwiko unaodondosha mafuta kwenye zulia. Mwadi alikuwa amekaa wima, macho ameyafumba, mikono imeshika mbao za kiti mpaka vifundo vimebadilika rangi, na midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Mwadi! Abee! Niko hapa, uliita?"

Hakufumbua macho mara moja. Alivuta pumzi kwanza.

"Kila nikiita, nahesabu mpaka unaitika. Leo nilihesabu mpaka vingt-deux," akasema. Ishirini na mbili.